Yaya Aliyepoteza Sauti Njiani

9 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa siku zote ambazo nimeamka nikakuamkia moyoni bila wewe kusikia. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole. Sindano imevitoboa mpaka naogopa kushika ndimu. Vipi sikio lako? Mwanangu Kifungo anakula? Usimwache ajaze tumbo kwa ukoko, anajifanya anaupenda lakini ni ujanja wa kukimbia mboga.

Kazi nimepata, Shangazi! Ya kushona na kupiga pasi, kwenye studio wanayotengenezea mchezo wa televisheni wa kuchekesha familia. Nalala chumba kimoja na wanawake watatu, nyumba ambayo mwenyewe amebandika karatasi mlangoni: watoto hapana. Nikiipita ile karatasi naangalia pembeni.

Mchezo wenyewe ni huu. Kuna ukoo wa watu wa miaka mia tatu ijayo: baba, mama, bibi na vijana wawili. Walitoka matembezi ya siku moja, kama sisi tunavyokwenda kuangalia wanyama, wakaja kutuangalia sisi. Mashine yao ikafia hapa. Sasa wamepanga ghorofa ya pili na wanajifanya watu wa kawaida. Baba akiingia nyumba ya mtu anaamkia mashine ya kufulia kwanza, anadhani ndiyo mkubwa wa pale. Bibi akiambiwa "subiri kidogo" anatoa daftari, anauliza hiyo kidogo ina dakika ngapi. Huko kwao hakuna kusubiri. Na hiyo mashine ya kusafiria ina umbo la friji.

Sasa sikia nilichofanya wiki ya kwanza. Nguo zao ni za kitambaa cha rangi ya fedha, kinang'aa kama sufuria mpya. Nimepewa gauni la yule bibi ninyooshe. Nikaweka pasi. Nilihesabu moja, mbili, basi, kitambaa kikajikunja kikanuka. Nilipoinua, pasi nzima imejichora kifuani, ncha juu. Na gauni lilikuwa moja tu! Nilijificha nyuma ya matenga ya nguo nikalia. Akaja mwongozaji, tunamwita Miwani. Akauliza, "Nani kafanya hivi?" Nikasema mimi. Akalichukua gauni, akaligeuza mbele na nyuma. Akasema, "Choma zote." Nilidhani nimefukuzwa na ushonaji mzima unafungwa. Kumbe alitaka kila nguo ichomwe pale pale, alama ile ile. Akasema hiyo ndiyo nembo ya ukoo wao. Kwa hiyo mwanao sasa ana kazi rasmi ya kuunguza nguo za watu. Moja, mbili, nainua.

Jana wamepiga picha wakirudi kwao. Wameingia kwenye friji mmoja mmoja wakilia, hata mimi nililia na pini mdomoni.

Aprili tuna mapumziko wiki nzima. Nitakuja, haitapita tarehe kumi na mbili. Mwambie Kifungo aanze kuhesabu. Na umsomee hapo kwenye pasi, atacheka.

Ni mimi,
Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imetumia siku kumi na saba. Mtu angeibeba kwa miguu angefika, akala, akalala, akaanza kuuliza chai.

Najua utauliza kama unaweza kupiga simu nyumbani. Hapana. Miaka ishirini na minane nimeunganisha simu za hospitali, sikio la kulia limebaki pambo. Niliwaachia simu yao siku niliyostaafu. Andika.

Mboga anakula. Ukoko anakula pia. Amefikisha miaka mitano na meno mawili yanacheza.

Sasa nieleze, maana nimechanganyikiwa. Uliniandikia watu wa mbele wamerudi kwao wakilia. Jumamosi saa kumi na mbili jioni nimewasha televisheni, ninawaona ndio kwanza wanaanguka na mashine yao. Hawajui hata taa inawashwaje. Walirudi halafu wakaja tena? Au televisheni yangu iko nyuma? Nimemuuliza mama wa duka, anasema ya kwake inaonyesha hivyo hivyo. Basi mtaa mzima tuko nyuma.

Barua nimeisoma mara nne. Sehemu ya pasi mara saba. Kifungo anatembea nyumba nzima akihesabu "moja, mbili, nainua." Ameweka vifuniko vya chupa dirishani, kimoja kwa kila siku iliyobaki mpaka tarehe kumi na mbili Aprili. Kila asubuhi anatoa kimoja.

Aprili. Nimekusikia, tena kwa sikio lile zima.

Shangazi yako


28 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mwambie Kifungo asiyang'oe hayo meno kwa uzi wa cherehani, yangoje yenyewe. Mimi sijambo, ila juzi nimesahau kama ni Jumanne au Alhamisi, na huu si utani.

Televisheni yako haiko nyuma. Sisi ndio tunakwenda ovyo. Hapa mchezo haupigwi picha kwa mpangilio. Siku ile nyumba ya ghorofani ilikuwa imekwisha kupakwa rangi, wakaona waanze na mwisho. Jumatatu wanapatana, Jumanne ndio wanagombana. Mvua inatoka kwenye mpira wa bustani. Saa ya ukutani imesimama saa tisa na robo tangu nimefika, na siku moja nilikula chakula cha mchana mara mbili kwa kuiamini. Nikikuambia wamerudi, wewe subiri. Wakirudi kwako mimi nitakuwa nimeshasahau.

Sasa la kuchekesha, ukae kwanza. Nimeingia ndani ya mchezo! Ule ukoo umeongezewa yaya, na mwigizaji wake akaumwa mgongo. Gauni la yaya lilipimwa kwenye mwili wangu, halimwingii mwingine. Miwani akasema livae. Nikapewa maneno matatu: "Bwana, chakula tayari." Shangazi, kamera ilipowaka nikasema, "Chakula, bwana tayari." Mara sita. Mara ya saba nikasema, "Bwana ni chakula." Yule anayeigiza baba alicheka mpaka masharubu ya bandia yakaanguka. Miwani akavua miwani, akajisugua macho, akasema, "Yaya amepoteza sauti njiani. Sauti imebaki ndani ya mashine. Endelea."

Ndio hivyo, mimi ni bubu kutoka miaka mia tatu mbele. Mtaniona Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Mwandae mtoto kidogo, asije akashtuka.

Hayo mengine nitaandika. Wananiita, kuna suruali imefumuka.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima. Jino moja limetoka lenyewe, lingine limekaa kibishi. Barua yako ya kusema nimwandae mtoto imefika siku kumi baada ya mtoto kukuona.

Tulikuwa tumekaa. Friji ikafunguka, ukatoka wewe na sinia. Kifungo aliganda. Kisha akaenda nyuma ya televisheni akachungulia, akarudi mbele, akanishika goti. Akasema, "Bibi, huyo ni mama." Nikasema ndiyo. "Kumbe alikwenda na wao?" Nikasema anafanya kazi na wao. "Na mashine imeharibika?" Mwanangu, hapo nilikuwa nimeshughulika na huo uso wako, umekonda, nikaitika tu.

Tangu hapo ameelewa mambo kwa namna yake. Jumanne ulipopiga simu dukani, mama wa duka alimwita mbio. Kifungo alisikiliza, akarudisha simu kwa adabu zote, akasema, "Amekosea namba. Mama yangu hana sauti." Nimejaribu kumweleza. Ananiangalia kama mtu anayeonea huruma wasiojua.

Anakusanya vyuma. Ana kopo la maziwa, ndani kuna skrubu, betri mbili za tochi, kitasa cha kabati langu nilichokuwa nakitafuta, na kile kiwashio cha jiko. Anasema ni vya kutengenezea mashine. Geti letu nalo amelifanya mashine. Anapanda, analibembea, linalia huo mlio wake, anasafiri. Majirani wameanza kulalamika.

Vifuniko vya dirishani vilikwisha tarehe kumi na mbili. Hakulia. Alisema mashine bado mbovu, mama hana kosa.

Sabuni niliyonunua juzi ilifungwa kwa gazeti lenye picha yenu. Limeandika wachezaji walikuwa mapumzikoni wiki nzima. Sikuulizi. Nakutajia gazeti tu.

Shangazi yako


11 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi, nikaisoma tena kwenye foleni ya bafu, nikapitwa na zamu yangu. Hilo la "amekosea namba" limenichekesha halafu limekaa vibaya. Kweli mimi ningekosea namba?

Kuhusu mapumziko, kulikuwa na nguo za kurekebisha. Nyingi. Zile za fedha zinachanika kwapani.

Joto hapa limezidi, na mwenzetu mmoja wa chumbani ameolewa, kwa hiyo sasa tuko watatu na dirisha moja. Miwani anasema mchezo unapendwa mno, wanataka kuongeza vipindi. Watu wa mbele wanatakiwa wakwame zaidi. Ule mwisho walioupiga Februari umewekwa kabatini.

Namtumia Kifungo kagauni, pamoja na barua hii, kwa basi, maana posta ingechelewa. Nimekashona kwa vipande vya kitambaa cha fedha, kana mifuko miwili kama la Yaya. Alama ya pasi sikuitia. Ya kazi ni ya kazi, mwanangu nilitaka avae kitu safi ambacho hakijaungua. Mwambie kila mshono nimeupita mara mbili.

Tena mwangalie vizuri kipindi cha tarehe ishirini na tatu, kinachekesha. Yule bibi wa mbele anamweleza mwenye nyumba kwamba asiye na alama, mlango wa mashine haumfungukii. Mwenye nyumba anaanza kujitafutia alama mwilini mpaka nyayoni.

Mwambie Kifungo anichoree kitu chochote. Nitakibandika juu ya kitanda.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Gauni limefika, limemtosha. Kifungo ni mzima. Mchoro ulioutaka huu hapa ndani.

Mvua kidogo. Pasi sasa inakaa juu ya kabati.

Shangazi yako


14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mzima wewe? Nauliza kwa sababu barua yako ina mistari minne, na wewe ukiandika orodha ya sokoni unajaza ukurasa.

Mchoro nimeubandika. Nimeutazama jana na leo. Nimeona ni friji, na mimi niko ndani, nina sinia. Lakini mistari inatetemeka, Shangazi. Kifungo ana mkono mzuri, anachora duara linajifunga. Hapa duara halijajifunga. Na jina lake ameliandika linapanda juu kama linakimbia karatasi. Nimemwonyesha mwenzangu wa chumbani, mwalimu wa chekechea, akaniuliza, "Mwanao anatumia mkono wa kushoto?" Nikasema hapana. Akaenda kufua.

Pasi juu ya kabati ni kwa nini? Tangu nizaliwe pasi yako inakaa chini ya kimeza cha redio.

Na gauni umesema limemtosha. Hukusema analivaa.

Nijibu haraka, hata mistari minne.

Mwanao


1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda posta.

Jumatatu nimeunguza suruali ya baba wa mbele mahali ambapo hapakutakiwa. Nilikuwa nahesabu moja, mbili, nikasahau kuinua. Miwani ameniambia nikapumzike. Nimekwenda duka la simu, nimepiga kwa mama wa duka, akasema, "Mtoto hajambo, muulize shangazi yako." Mtu akisema hivyo, mtoto hajambo kweli?

Nimejaribu mwenyewe kuchora friji kwa mkono wa kushoto. Imetoka kama ile.

Mwanao


3 Julai

Mwanangu,

Leo siweki salamu mbele, nisije nikajificha nyuma yake tena.

Kifungo ameungua mkono. Ni mkono wa kulia, kiganja na vidole viwili. Sasa umepona sehemu kubwa, ngozi mpya imeshika, daktari amesema vidole vitakunja vizuri. Anza na hilo. Lisome mara mbili ndipo uendelee.

Ilikuwa tarehe ishirini na nne Mei, asubuhi. Jana yake tuliangalia kile kipindi ulichotuambia tukiangalie. Yule bibi alipotaja alama, Kifungo hakucheka. Aliliangalia gauni lake kifuani. Asubuhi nilikuwa napiga pasi, nikatoka kuanika shuka, dakika tano, labda nane, nimeshaacha kujua dakika. Alilala nalo lile gauni, akalivua, akalitandika kwenye kiti. Akaweka pasi. Akahesabu. Lakini kitambaa kiliganda kwenye chuma, na yeye akaona gauni la mama linaharibika, akalibandua kwa mkono.

Alipiga kelele, mwanangu. Nilikuwa upande wa sikio bovu. Mama wa duka ndiye aliyeingia kwanza, amevuka barabara, na mimi niko uani hatua kumi nabana shuka. Hilo sijalisema kwa mtu. Nimekaa na simu za hospitali nzima masikioni, wanaotaka damu, wanaotaka machela, na mtoto wa ndani mwangu sikumsikia.

Akifungwa bandeji hakusema inauma. Alisema, "Bibi, alama imekaa?" Imekaa. Gauni linayo. Analivaa kila Jumamosi. Anasubiri mlango umfungukie.

Mchoro ni wa mkono wa kushoto, umeona vizuri. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Na nitasema na hili, maana nimeshaanza. Wewe nawe kuna jambo la Aprili umelikunja ukalikalia. Nikajiambia, kama yeye ana lake, na mimi niwe na langu. Tumekuwa wawili wajinga na mtoto katikati.

Shangazi yako


13 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nakuja Jumamosi hii. Huenda nikaifikia barua hii mlangoni.

Miwani amesema haiwezekani, Yaya yumo kwenye vipindi vinne. Nikamwambia Yaya amekwenda sokoni. Akasema sokoni siku tatu? Nikasema watu wa mbele hawajui foleni.

Hukusikia kwa sababu husikii. Usijilaumu kwa hilo. Aliyeandika ile hesabu ya moja, mbili ni mimi.

Mwanao


24 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tumefika salama na tumeshazoea, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Kifungo anakuamkia, anauliza kama kitasa cha kabati ulikirudisha. Jino la kibishi limetoka njiani, lilinasa kwenye muwa, wala hakulisikia. Kiganja nakipaka mafuta asubuhi na jioni. Anashika kijiko na penseli, duara linakaribia kujifunga. Tumehama kule kwenye karatasi ya mlangoni. Tumepata chumba kwenye nyumba yenye ua mkubwa, na yule mwalimu wa chekechea anamchukua anapokwenda kazini.

Ile Julai nilipokuja kumchukua, nilikaa kwako siku tatu na sikukuambia kitu. Na wewe hukuuliza. Ulinimiminia chai tu, ukanipa kiti chako. Sasa sikiliza lililotokea hapa, humo ndani utapata na lile la Aprili.

Wiki iliyopita nimempeleka studio. Alitaka kwenda na kopo lake la vyuma, nikamwachia. Amevaa gauni la fedha lenye alama. Watu walimshangilia. Yule baba wa mbele alimwinamia, akaiamkia mashine ya kufulia, Kifungo akamwambia, "Si mtu hiyo." Miwani akapiga magoti amwonyeshe kamera. Yeye hakuitaka kamera. Aliuliza, "Mashine iko wapi?"

Nikampeleka. Friji ilikuwa imeegemezwa ukutani karibu na ngazi, na fundi seremala anakula andazi pembeni. Kifungo aliweka kopo chini. Akajishika kifuani pale penye alama, kama anavyofanya yule bibi. Akavuta mlango, ukafunguka. Aligeuka kunitazama, uso umemjaa mwanga, Shangazi, sijui nitauelezaje. Kisha akaangalia ndani.

Ndani kuna fagio la deki na ndoo. Na nyuma hakuna kitu, ni wazi, wameikata ili sisi tupite. Unamwona mpishi ng'ambo ya pili anaosha vikombe. Kifungo aliingia, akatokea upande wa pili. Mpishi akamwambia, "Karibu." Akarudi, akapita tena. Akagonga pembeni kwa vidole vizima. Ubao.

Akasema, "Haina kitu."

Nikasema, "Haina, mama."

"Kwa hiyo haikuharibika."

"Haikuharibika. Ni ya kuchezea tu."

Akaokota kopo lake, akalikumbatia. Nilidhani atalia. Akaniuliza polepole, sauti ya mtu mzima, "Sasa kwa nini hukuja?"

Shangazi, pale kulikuwa na watu kumi na zaidi, watu ambao kazi yao ni kuchekesha. Seremala alilisimamisha andazi lake karibu na mdomo. Mimi nikapotewa na sauti kweli, si ya mchezo. Nikakaa chini sakafuni nikamwambia vile vile ilivyokuwa.

Nilikuja. Tarehe kumi na moja Aprili, saa nne asubuhi, nilishuka stendi nikatembea. Nilikuwa na begi, na ndani mna ndizi na soksi zake. Nimefika pembeni pale kwenye kibanda cha fundi viatu. Kifungo alikuwa amepanda geti, gauni la bluu, linabembea, linalia. Wewe ulikuwa ndani ya ua unapepeta. Akaita, "Mama! Mama, nitazame!" Na wewe Shangazi ukainua kichwa, ukaitika, "Naam, mwanangu."

Nikasimama. Nilijiambia, tazama, ameshapata mama. Ndio kwanza mtoto ametulia, nikiingia sasa nitamvuruga, halafu baada ya siku tano namwacha tena. Nilijiambia maneno mazuri mazuri kama hayo. Lakini ukweli niliogopa. Niliogopa nikifungua geti atauliza mimi ni nani. Nikageuka. Ndizi nimempa fundi viatu. Nililia basi zima, nikafika nikasema nina nguo za kurekebisha.

Nilimwambia yote hayo, ila kwa maneno madogo. Kifungo alisikiliza huku anaparua kopo. Nilipomaliza akakunja uso, akanitazama kama anavyokutazama wewe ukikosea kufunga vifungo.

Akasema, "Lakini nilikuwa nakuita wewe."

Nikasema, "Ulimwita Bibi. Bibi aliitika."

"Bibi anaitikaga kila kitu! Hasikii vizuri. Hata mbuzi anamwitikia." Nisamehe Shangazi, nayaandika alivyoyasema. "Geti lilikuwa mashine. Nilikuwa nakuita uko huko mbele, unitazame. Nilikuwa nakuita kila siku."

Kila siku, Shangazi. Na siku moja kati ya hizo mimi nilikuwa pale hatua ishirini, na begi mkononi, namsikia.

Nilimshika ule mkono wenye ngozi mpya nikauweka shavuni. Akaniacha niulilie kidogo, halafu akautoa kwa sababu ana mambo yake. Alifungua kopo, akatoa betri za tochi na skrubu, akampa seremala, akamwambia hazihitajiki tena, atumie kwenye kiti. Kiwashio cha jiko amekiweka mfukoni, nitakuletea.

Tulipokuwa tunatoka akanishika sketi. Akasema, "Mama, siku nyingine ukisikia mtoto anaita mama, itika kwanza. Halafu ndio uangalie ni nani."

Basi ndiyo sheria ya nyumba hii. Hapa uani kuna watoto tisa, na kila mmoja ana mama yake, na wote wanaita kutwa, huyu ameanguka, huyu amenyang'anywa. Mimi nikiwa na pini mdomoni, cherehani inanguruma, naitika. Naitika wote. Wenzangu wananicheka, wananiita Mama Naam. Kifungo yeye anakaa kizingitini, ananisikiliza kama mkaguzi, na nikiitika haraka anakubali kwa kichwa anaendelea na mchoro wake.

Njoo Desemba, Shangazi. Usitafute namba ya nyumba. Simama getini uite.

Ni mimi,
Mwanao